Mitumbwi Kifudifudi

"Otto, nakuuliza tena. Mtumbwi wako umeota miguu?"

Otto alikuwa amekaa sakafuni katika kituo kidogo cha polisi cha Mbamba Bay, mgongo ukutani, pingu mikononi, anaangalia vidole vya miguu yake kama vya mtu mwingine. Suruali yake ilikuwa bado mbichi kuanzia mapajani kushuka chini. Inspekta Judica, mpelelezi kutoka Songea, alikuwa amechuchumaa mbele yake mpaka magoti yakaanza kumuuma.

"Mitumbwi yote ya ufukwe huu ni mikavu. Wako umelowa. Nani aliushusha majini?"

"Mimi."

"Ulikwenda wapi?"

Otto akasema kwa sauti ndogo, "Nipelekeni tu Songea, afande."

Hapo ndipo Judica alipopandwa na hasira. Ameshuhudia watu wakilia, wakiapa, wakizimia na kuzinduka pale walipoachwa peke yao. Lakini mtu anayeombwa ajitetee na kesi ya kuua, kesi yenye kitanzi mwishoni, naye anaomba apakiwe kwenye gari? Lo! Huyo alikuwa hajamwona bado.

Tena alikuwa na aibu yake mwenyewe. Tangu jana alikuwa hapa hapa, ametumwa kuichunguza meli ile ndogo ya matembezi ambayo kampuni moja binafsi ilikuwa imeileta Ziwa Nyasa baada ya milango ya biashara kufunguliwa. Wageni wanalala melini, wanashuka saa chache katika kila mji wa pwani ya ziwa, wanapiga picha, wanaondoka. Songea kulikuwa na fununu kwamba vito vya Tunduru vinavuka kwenda ng'ambo ndani ya meli hiyo. Basi Judica akaja kulinda vito. Vito vikaibwa, na mtu akauawa, yeye akiwa umbali wa kurusha jiwe.

Leo wageni walikuwa wameukuta mji na msiba. Mzee Urban, mvuvi, alifariki jana jioni, na watu wa pale wana lao: akifa mwenzao wa ziwani, hakuna mtumbwi unaogusa maji mpaka azikwe. Mitumbwi yote ilipinduliwa mchangani kifudifudi. Ngoma ya mganda waliyoahidiwa wageni ikafutwa. Wao wenyewe waliletwa nchi kavu kwa boti ya injini ya meli, na boti hiyo ikashinda mchangani, dereva wake amelala ndani yake. Melini alibaki mlinzi peke yake, Bartolomeo, mtu mzima, mpole. Alasiri abiria mmoja aitwaye Zena, mfanyabiashara wa vito, alipelekwa na boti kuchukua dawa zake za presha. Akamkuta Bartolomeo ameanguka mlangoni pa chumba cha Zena, amepasuliwa kichwa, na mfuko wa vito wa Zena haupo.

Aliyemuua alifika melini kwa mtumbwi, hakuna njia nyingine. Konstebo Amedeus, kijana wa kituo kile, akaipapasa mitumbwi yote kwa kiganja. Mmoja tu ulikuwa umelowa. Wa Otto, na Otto ni mkwe wa marehemu Urban! Mkwe mwenyewe! Watu waliposikia hivyo walishika vichwa.

Redio ya upepo ikakoroma pembeni. Mkubwa mmoja kutoka Songea alikuwa hewani.

"Inspekta, una mtumbwi uliolowa na una mwenye mtumbwi. Unangoja nini, malaika ashuke?"

"Afande, vito havijapatikana."

"Atavitaja akifika huku. Hao ni wageni wa wawekezaji, usituharibie. Mlete mtuhumiwa, meli iondoke."

"Ndiyo, afande," Judica akasema, na moyo wake ukasema hapana. Meli ikivuka kwenda upande wa Malawi, kila aliyemo amekwenda nayo, na atakayebaki na kitanzi ni huyu aliyekaa sakafuni.

Mlangoni alisimama Benigna, mke wa Otto, kanga ya msiba imefungwa kiunoni, macho yamevimba. Baba yake yuko ndani hajazikwa, mume wake yuko ndani ya pingu.

"Dada, mume wangu hakuua mtu."

"Mchana alikuwa wapi?"

"Alitoka. Akarudi."

"Hukumuuliza katoka wapi?"

"Nimlilie baba yangu, huku namfuatafuata mume wangu?" Benigna akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Lakini tangu arudi hali, hasemi. Hata jeneza hataki kuliangalia."

Judica akaiweka kauli hiyo kichwani, akatoka.

Honi ya meli ililia mara ya kwanza alipofika ufukweni. Abiria walikuwa wamekusanywa kwenye kivuli cha vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wadogo wa ziwa hilo, wamekasirika, wamechoka na jua. Kapteni Edwin alitembea huku na huku akionyesha mawimbi kwa mkono.

"Inspekta, upepo unapanda. Mnaye mtu wenu. Sisi kosa letu nini?"

"Mtu wenu ndiye aliyekufa, kapteni. Hata hilo halikutoshi kungoja kidogo?"

Edwin akashusha mkono. Judica na Amedeus wakawapekua abiria wote na mabaharia, mmoja baada ya mwingine, mikoba, viatu, mikunjo ya suruali. Hawakupata kitu. Zena alikaa pembeni juu ya sanduku, ametazama ziwa, machozi yakimtoka bila sauti.

Wa mwisho alikuwa Goodluck, mwongoza wageni wa meli. Kijana nadhifu, fulana nyeupe yenye kola, miwani ya jua juu ya kichwa, chupa ya chai ya chuma ikining'inia begani na kikapu mkononi. Amedeus alifungua chupa, akanusa chai, akaifunga.

"Dada Judica," Goodluck akasema kwa tabasamu, "nimesikia wewe ni wa Machame. Sisi majirani bwana! Mimi Kibosho. Tutaelewana tu."

"Nikiwa likizo tutaelewana. Mchana ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kule nyuma ya mawe, kupunga upepo. Hii misiba inanitia unyonge. Nikanunua na samaki, nikarudi. Melini sijakanyaga tangu asubuhi, muulize dereva wa boti." Akajipepea kwa kiganja. "Hivi hamna maji ya kunywa hapa? Koo limekauka."

Amedeus akampa kikombe cha maji. Akakinywa chote, akaomba kingine.

Judica aliangalia kikapu. Mbasa mmoja mkubwa, amefungwa kwa majani ya mgomba. Samaki mnene mwenye tumbo pana. Vito vimo humo! Wapi pengine? Akaomba kisu, akamlaza mbasa kwenye kichanja mbele ya watu wote, akampasua kuanzia koo hadi mkia.

Kisu kilipita kwa shida. Akaingiza vidole, akachokora kila upande. Hakuna kitu. Matumbo yalikuwa yametolewa zamani, samaki mtupu kabisa. Mzungu mmoja akapiga picha. Mabaharia wakacheka, na Goodluck akacheka kuwashinda wote.

"Dada, ungeniambia una njaa ningekukaangia!"

Aibu ilimpanda Judica mpaka masikioni. Akaenda majini kunawa, amewapa mgongo ili wasimwone uso. Akatumbukiza mikono, na ndipo alipohisi: maji ya ziwa yalikuwa ya moto. Akaitoa, akaitumbukiza tena. Ya moto, karibu ya kuoga mtoto. Hapana, si maji yaliyokuwa ya moto. Ni vidole vyake vilivyokuwa vimekufa ganzi kwa baridi.

Judica hakugeuka haraka. Alibaki ameinama, akiitazama mitumbwi iliyolala kifudifudi mstari mzima. Akatazama vichanja: vitupu, hakuna hata usipa mmoja. Nyavu zote zilikuwa kwenye miti, kavu. Kutoka nyumbani kwa marehemu zilisikika nyimbo za akina mama. Akarudi taratibu huku akijifuta mikono kwenye sketi.

"Kaka Goodluck, huyu samaki umemnunua kwa nani?"

"Kijana mmoja, ndiyo kwanza anashusha kutoka mtumbwini. Simjui jina."

"Mbichi?"

"Mbichi kabisa! Alikuwa bado anarukaruka."

"Hongera," Judica akasema. "Basi kabla hamjaondoka, tukatoe pole msibani. Si vizuri mji uliofiwa kuupita hivi hivi. Na wewe kapteni, na dada Zena, twendeni."

"Inspekta, meli..." kapteni akaanza.

"Pole haichukui muda. Amedeus, mlete Otto."

Njiani Amedeus alimnong'oneza, "Afande, unampeleka mtu na pingu kwa wakwe zake? Huku hilo ni kubwa."

"Najua. Ndiyo maana nampeleka."

Samaki yule alikuwa ametoka kwenye friza ya meli, hilo halikuwa na ubishi. Goodluck alidanganya, bila kukumbuka kwamba siku hii ziwa zima halikuvuliwa. Lakini uongo wa samaki haumfungi mtu. Kesho angesema alisahau, au alimchukua asubuhi. Aliyekuwa na neno la kumzuia Goodluck asipande meli alikuwa Otto peke yake, na Otto alikuwa radhi anyongwe kuliko kulisema. Kwa nini? Asubuhi Judica alipokwenda kutoa pole alimkuta fundi wa jeneza amekaa juu ya mbao, mikono mitupu. "Misumari inatafutwa," aliambiwa. Duka la pale lilijaa soda za kila rangi na sabuni za ng'ambo, msumari hakuna. Na Benigna kasema nini? Hata jeneza hataki kuliangalia.

Jeneza lilikuwa uani juu ya mabenchi mawili, limekwisha kufungwa na marehemu ndani. Judica alilitazama mara moja tu, akajua. Misumari yake ilikuwa ya manjano. Misumari ya shaba, ya kutengenezea boti, inang'aa juani.

Nyimbo zilikatika walipomwona Otto na pingu. Mama Kunegunda, mjane wa Urban, aliinuka kwenye mkeka kwa kushikiliwa.

"Shikamoo mama," Judica akasema, akapiga magoti.

"Marahaba. Mwanangu, hukuona siku nyingine ya kuniletea hii?"

"Nisamehe, mama. Sina siku nyingine, meli inaondoka. Naomba kuuliza jambo moja tu. Misumari ya jeneza imetoka wapi?"

Watu wakaangaliana. Fundi akajibu kutoka pembeni, "Tuligawana. Ndugu walileta mbao, kaka mtu sanda, misumari aliambiwa mkwe. Ameileta mkwe mchana."

"Aliitoa wapi?"

Fundi akainua mabega. Mama Kunegunda alimgeukia binti yake. Mama mkwe na mkwe wa kule hawasemezani ana kwa ana, maneno yao hupitia kwa mke.

"Benigna, muulize mumeo."

"Baba Careen," Benigna akasema, "mama anauliza misumari umeitoa wapi."

Otto alikuwa ameangalia chini. Honi ya meli ikalia mara ya pili. Goodluck akasogea hatua moja nyuma, akagongana na Amedeus.

"Kapteni, tunachelewa," akasema. "Haya mambo ya kifamilia..."

"Tulia," Judica akamwambia bila kumtazama. Alikuwa anamtazama Otto, na kwa kweli alikuwa anaogopa. Huyu asiposema sasa, basi. "Otto, kuna mtu amekufa melini. Naye ana mke, naye ana wakwe. Watamzika bila kujua nani kamuua?"

Otto akainua uso kumtazama mke wake.

"Mama Careen," akasema, "mwambie mama nimeshusha mtumbwi, na baba hajazikwa."

Mwanamke mmoja akapiga yowe, akajiziba mdomo.

"Mwambie nilizunguka mji mzima, misumari hakuna. Watu wote wameleta chao, mimi mikono mitupu. Huyu kaka akanikuta nyuma ya mawe." Akamwonyesha Goodluck kwa pingu zote mbili. "Akasema melini misumari ipo, nimpeleke mara moja, hakuna atakayeona. Nikampeleka. Nikamngoja chini ya ngazi. Alipanda na kikapu kitupu, akashuka na samaki na misumari. Sikujua kafanya nini huko juu. Niliposikia mtu kauawa, nikajua nikifungua mdomo, lazima niyaseme na haya." Akalitazama jeneza kwa mara ya kwanza, na machozi yakamtoka waziwazi. "Baba nimemfunga kwa misumari ya damu."

"Na ulikuwa tayari ukanyongwe?" Amedeus akauliza, amesahau kabisa kuwa yeye ni askari.

"Ningekufa naitwa mkwe."

"Muongo!" Goodluck akafoka. "Muuaji anatafuta wa kufa naye! Mimi melini sijafika, nilikuwa nanunua samaki, kila mtu kamwona!"

"Kavuliwa na nani?" Judica akageuka sasa. "Wazee, leo kuna mtu yeyote wa mji huu aliyevua?"

Mzee mmoja akatikisa kichwa. Swali lenyewe lilikuwa tusi.

"Leo ziwa hili halijatoa hata dagaa mmoja, kaka Goodluck. Na samaki wako anayerukaruka, mifupani bado ana barafu. Kapteni, barafu iko wapi hapa Mbamba Bay?"

Kapteni Edwin alikuwa amekodoa macho. "Kwenye friza yangu tu," akasema polepole. "Na misumari hii ni ya stoo yangu. Ufunguo alikuwa nao Bartolomeo."

"Bado una kiu?" Judica akamuuliza Goodluck. "Jua lote lile umeomba maji vikombe viwili, na chupa nzima ya chai iko begani. Hebu mimina tunywe sote."

Goodluck alitupa kikapu, akakimbilia kwenye uchochoro wa jikoni. Hakufika mbali. Akina mama waliokuwa wanapika ugali wa msiba walisimama na miiko yao wakauziba, na Amedeus akamwangusha majivuni. Judica akafungua chupa, akaiinamisha. Chai ikamwagika mchangani, kisha kikadondoka kifuko cha mpira kilichofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na vito vya buluu na kijani.

Zena hakuvigusa. Alijifunika uso kwa mtandio. "Asubuhi Bartolomeo alinibebea begi langu," akasema. "Nikamwambia baba, utaumia, ni zito. Akacheka. Yaa Rabi, kwa mawe haya?"

Amedeus alimfungua Otto pingu, akamfunga Goodluck. Goodluck naye akaanza kulia kwamba hakukusudia, kwamba mzee yule, aliyemtuma misumari, alirudi kutoka stoo ghafla na kumkuta mlangoni. Hakuna aliyemsikiliza. Kapteni Edwin akavua kofia. "Meli haiondoki," akamwambia Judica, akashuka ufukweni kwenda kuwaambia wenzake. Songea watamfokea Judica kwenye redio, na wafoke.

Lakini uani hakuna aliyeinuka wala kuimba. Otto alikuwa amesimama peke yake katikati, anasugua viganja vyake, na watu wakawa wamemwachia nafasi pande zote. Mama Kunegunda alitembea hadi kwenye jeneza. Akapapasa msumari mmoja kwa kidole, kisha wa pili.

"Otto," akasema.

Benigna akashtuka. Watu wote wakashtuka. Kwa miaka yote ya ndoa ile mama yule hakuwahi kulitamka jina lile kwa mdomo wake, tena usoni pa mwenyewe.

"Chukua nyundo ya fundi. Ing'oe yote. Mume wangu haingii kaburini na vitu vya mtu aliyeua."

Otto akachukua nyundo. Alifanya kazi ile amepiga magoti, taratibu, asipasue mbao, na kila msumari uliotoka alimkabidhi Judica, naye Judica akaupokea kwa mikono miwili na kuuweka kwenye leso yake pamoja na wenzake, kwa ajili ya mahakama. Mbao zikaanza kuachana.

"Na sasa tulifunge kwa nini?" fundi akauliza.

Otto hakusema. Akaondoka mbio kuelekea ufukweni, akarudi na wavu wake begani, wavu mpya. Akaomba kisu. Akaikata kamba yake ya juu yote, ile inayobeba maboya, akaikata na ya chini, wavu ukabaki matambara. Wakalizungushia jeneza kamba zile, fundi upande huu, yeye upande ule, wakakaza mpaka mbao zikakaa.

Kisha Otto akarudi nyuma, hadi ukutani kabisa, mahali pa mtu anayengoja kufukuzwa. Wanaume wanne wa ukoo wakasogea kubeba. Mama Kunegunda akamgusa bega yule aliyeshika mbele kulia, akampisha pembeni. Akatazama ukutani.

"Mkwe," akasema, "shika hapa."